Chakula kimo kwenye tiketi, tusiuziwe mara ya pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mpishi wa sherehe hapa Moshi. Harusi, sendofu, kipaimara, ubatizo, hata msiba, watu wakikusanyika mimi na vijana wangu tuko jikoni tangu alfajiri. Kwa hiyo nikizungumzia chakula cha kulipia sisemi kwa kusikia. Najua kilo ya nyama inatoa sahani ngapi, na najua mteja hupunjwa wapi.

Kilichonisukuma kuandika ni karatasi ya bei. Kikundi chetu cha akina mama tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya safari ya Zanzibar, na wakala mmoja wa Arusha alituletea bei tatu: ya kawaida, ya kati na ya VIP. Tofauti ya ile ya kwanza na ya tatu, kwa wengi wetu, ni ada ya mtoto ya muhula mzima. Mwenzetu mmoja anayeuza viazi soko la Mbuyuni akamuuliza, "Mwanangu, hii huduma ya hadhi ya juu ni nini hasa? Ni chakula, ni kiti au ni kitanda?" Kijana akajibu, "Mama, mtafurahi wenyewe." Hatukutia sahihi siku ile. Tulimwambia aende akaandike vizuri kila bei ina nini ndani yake, ndipo arudi.

Haya hayatupati sisi peke yetu. Vijana wanaooana wanakopa ili fungate iwe ya daraja la juu. Watoto walioko Ulaya na Marekani wanawalipia wazazi wao nyongeza juu ya nyongeza, wakiamini ndiyo heshima. Na Desemba ikifika, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani, kila basi linageuka kuwa la kifahari kwa mdomo wa mpiga debe.

Mimi si adui wa starehe. Mtu aliyechoka na kazi ya miaka mingi ana haki ya kukaa kwenye kiti kinachomfaa na kulala mahali penye utulivu, na akiwa na fedha yake hakuna wa kumsema. Ninachokishikilia ni kwamba fedha ya nyongeza ianze kwenye kile ambacho mwili utakihisi, yaani kukaa, kulala na kufika salama. Chakula kiwe cha mwisho kulipiwa zaidi, kwa sababu mara nyingi kimo tayari ndani ya nauli, na tofauti unayoongezewa ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Nianze na meli za kitalii, maana huko ndiko biashara hii ilikokomaa, na huku kwetu inaigwa. Binti yangu anaishi Houston, Marekani. Yeye na mume wake walinialika twende safari ya wiki moja ya baharini kutoka bandari ya Galveston, kama kilomita 80 kutoka Houston, kwenda Cozumel ya Mexico na Roatán ya Honduras. Meli yenyewe siitaji jina, maana haikunikosea kitu, na mambo ninayoyaeleza yako kwenye meli nyingi za aina hiyo. Kabla hatujaondoka, simu ya binti yangu ilikuwa inapokea ofa kila kukicha: mgahawa wa steki, mgahawa wa Kijapani, wa Kiitaliano, kifurushi cha vinywaji, chumba chenye baraza, kupanda meli mapema, intaneti. Mkwe wangu alikuwa tayari kulipia vyote, kwa kuwa amemleta mama mkwe na anataka kumheshimu. Namshukuru sana kwa moyo huo. Nikamwomba tukae kwanza mezani na kalamu.

Hesabu tuliyoifanya ni hii, na yeyote anaweza kuirudia. Chukulia mgahawa wa kulipia unatoza dola 60 kwa kichwa. Juu yake huongezwa ada ya huduma. Kampuni ya meli ya Royal Caribbean kwa mfano huongeza asilimia 18 na ile ya Norwegian asilimia 20. Kwa asilimia 18 unafika karibu dola 71. Ukiweka dola moja kwa shilingi 2,500, mlo mmoja wa jioni wa mtu mmoja umekula shilingi 177,000. Sisi watu wazima tulikuwa watatu, kwa hiyo ni zaidi ya nusu milioni, usiku mmoja. Na usiku huohuo ukumbi mkuu wa chakula uko wazi, meza yenu ipo, na umeshalipiwa tangu siku mliyonunua tiketi.

Huo ukumbi mkuu watu wanaudharau bila kuujua. Si foleni ya kujipakulia. Unakaa kwenye meza yenye kitambaa, mhudumu anakuletea menyu, unachagua kianzio, mlo mkuu na kitindamlo. Ukitaka vianzio viwili unaletewa viwili. Ni kweli wameanza kubana: kampuni nyingine, Carnival, tangu 2023 inatoza dola 5 ukiagiza mlo mkuu wa tatu, na kwenye meli kadhaa kuna vipande vya nyama na kamba wakubwa vilivyowekewa bei pembeni mwa menyu ileile. Lakini mtu anayekula kiasi cha mtu anatoka pale ameshiba vizuri bila kutoa senti. Ghorofa ya juu kuna bufee, kuna piza, asubuhi kuna mayai yanayokaangwa ukiyaangalia. Chai, kahawa ya kawaida na maji ya mezani havilipiwi.

Nilipata nafasi ya kuingia jikoni, kwa kuwa meli ile ina ziara ya jikoni kwa abiria wanaotaka. Wenzangu walikwenda kupiga picha, mimi nilikwenda kutazama kazi. Ukutani, juu ya meza ndefu ya kupakulia, zimebandikwa picha za kila sahani ya usiku ule: kipande cha samaki kinakaa wapi, mchuzi unamwagwa upande gani, jani la kupambia linalala wapi. Mpishi anatupia jicho picha, anapakua, anafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, anaisukuma mbele, anashika nyingine. Nyuma yake kuna makabati ya chuma yenye joto, na ndani yake sahani zilizofunikwa zinasubiri wahudumu. Upande wa mikate moto hauzimwi usiku kucha. Hakuna anayepiga kelele. Nilisimama pale mpaka kiongozi wa ziara akaniomba tuendelee.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho yangu kipi kinafaa kulipiwa na kipi hakifai, na hili nataka msomaji alishike. Kuna chakula kinachovumilia kusubiri na kuna kisichovumilia. Supu, rosti, mchuzi, maharage, mkate, keki, hivi ukimpikia mtu mmoja au watu elfu, mikono ikiwa mizuri ladha haibadiliki. Mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, ndiyo kabisa, vikikaa vinakolea. Lakini steki, samaki wa kukaanga, kamba, yai la jicho, hivi vina dakika zake. Zikipita kwenye kabati la joto nyama inaendelea kuiva yenyewe, samaki analegea, kamba anakuwa mgumu. Ndiyo maana kwenye harusi ya watu mia nne sikubali kuweka samaki mzima wa kukaanga kwenye bufee, hata mteja akisisitiza vipi. Ninamshauri kuku wa mchuzi na nyama ya rosti, halafu mbuzi akae nje kwa mchomaji, akatwe mbele ya mgeni. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, nayo ina heshima yake na saa yake, haitolewi jikoni saa kumi ikasubiri maharusi wanaofika saa mbili usiku.

Kwa hiyo mgahawa wa steki wa kulipia una kitu cha kweli unachokiuza: mpishi anaiweka nyama yako motoni baada ya wewe kuagiza, na inakufikia kabla haijapoa. Mkwe wangu alitamani, tukaenda mara moja, mchana wa siku ambayo meli haikutia nanga popote, kwa kuwa mchana bei ilikuwa chini kuliko usiku. Steki ilikuja imekauka ukingoni na ina majimaji katikati, kama alivyoomba. Ilikuwa bora kuliko ya ukumbi mkuu, na ninasema hivyo kama mpishi. Viazi vilivyoisindikiza vilikuwa vya kawaida. Supu ilikuwa ya kawaida. Kitindamlo kilikuwa keki ya jibini ambayo tulishaila ukumbi mkuu, ikiwa imewekwa kwenye sahani kubwa zaidi. Kwa maneno mengine tulilipia kipande kimoja cha nyama, na kilichobaki tulikuwa tumeshakilipia.

Mgahawa wa Kiitaliano sikuona sababu ya kuulipia. Tambi za mchuzi wa nyanya na nyama ya kusaga zinatoka ukumbi mkuu, zinatoka bufee, na ni chakula kinachovumilia. Ule wa Kijapani, ambako mpishi anakaanga mbele yako huku akirusha mayai, unauza maonyesho, na kama una watoto watafurahi sana. Basi lipia kama unavyolipia maonyesho, ukijua hivyo.

Wapo wanaosema hawalipii chakula, wanalipia utulivu. Hao nawaelewa, maana ukumbi wenye mamia ya watu una kelele zake. Kuna njia isiyo na gharama: siku ya kwanza, kabla ya mlo wa jioni, nenda kwa msimamizi wa ukumbi ukamwombe meza ya pembeni. Binti yangu alifanya hivyo kwa ajili yangu, kwa kuwa sikio langu moja halisikii vizuri penye kelele, tukapewa meza karibu na dirisha na wahudumu walewale wiki nzima.

Kifurushi cha vinywaji ndicho kinachowaumiza watu wetu zaidi, na hapa sitaremba. Chukulia ni dola 70 kwa siku kwa mtu, safari ya siku 7, watu wawili. Hiyo ni dola 980, na ukiongeza asilimia 18 unafika dola 1,156, karibu shilingi milioni 2.9. Kwenye Royal Caribbean na Carnival, mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wengine wa chumba hicho nao wanatakiwa kununua. Mume anayependa bia na mke anayekunywa chai, wote wanalipa. Carnival inaweka kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa saa 24. Ili kifurushi kirudishe fedha yake, mtu anywe bia na mvinyo tangu mchana hadi usiku, kila siku, hata siku za bandarini anaposhuka kutembea. Mimi ninatoka kwenye jamii inayojua mbege, pombe yetu ya ndizi, ni nini, na ninasema mtu akinywa kwa sababu ameshalipa, hiyo si starehe tena. Nunua glasi moja moja.

Kwa nini wanasukuma hivi? Kwa sababu ndiko fedha iliko. Mwaka 2023 kampuni ya Carnival ilipata mapato ya dola bilioni 21.6, na kama bilioni 7.5 kati ya hizo hazikutoka kwenye tiketi bali kwenye vinywaji, migahawa, michezo ya kamari, matembezi ya bandarini na mengineyo ya humo ndani. Ni karibu theluthi moja, na kwa Royal Caribbean uwiano unakaribiana na huo. Tiketi inawekwa bei ya kukuvutia ili uingie melini, halafu kila kitu kingine kinakungoja ndani. Sisemi ni wizi. Nasema mteja aingie akijua.

Na kuna ada ambayo wengi hawaihesabu: fedha ya wahudumu, inayokatwa kila siku kwa kila mtu, kati ya dola 16 na 20 kwenye kampuni kubwa. Hiyo sikuionea uchungu hata kidogo, maana niliwaona wale vijana kutoka Ufilipino, India na Indonesia wakifanya kazi asubuhi mpaka usiku. Lakini iwekwe kwenye bajeti tangu nyumbani.

Chumba ni hadithi tofauti. Hapa ndipo kulipa zaidi kunaweza kuwa na maana, na pia hapa ndipo watu wanalipa zaidi wakapata vibaya. Chumba cha ndani hakina dirisha, kinafuata chenye dirisha, kisha chenye baraza, kisha vile vikubwa vya kifalme. Kampuni kama MSC na Norwegian zina eneo zima la wenye vyumba hivyo, na mgahawa wao peke yao. Sasa, meli ikiyumba, mahali panapotikisika kidogo kuliko pote ni katikati ya meli, ghorofa za chini. Kule mbele na juu ndiko kunakorushwa. Kwa hiyo mtu mwenye kichefuchefu anaweza kulipia chumba cha juu chenye baraza akateseka, wakati chumba cha bei nafuu cha katikati chini kingempa usingizi. Mimi ni mtu wa milimani, bahari siijui, nikachagua chini katikati. Nililala vizuri.

Ziko pia ofa za kunadi: unaandika kiasi uko tayari kuongeza, wakikubali unahamishiwa chumba cha daraja la juu. Kwa Royal Caribbean kiasi unachoandika ni cha mtu mmoja, kwa hiyo chumba cha watu wawili ni mara mbili yake. Huchagui chumba kiko wapi, na wakishakubali fedha imekwenda. Mwenye magoti mabovu aliyekuwa karibu na lifti anaweza kujikuta mwisho wa korido ndefu. Binti yangu alitaka kunadi, akaacha alipofika kwenye sharti hilo.

Sasa turudi nyumbani.

Nauli kikomo za mabasi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilizoanza Desemba 2023 ziliweka daraja la kawaida shilingi 48.47 kwa kilomita na daraja la kati shilingi 67.84. Moshi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, kwa hiyo ni kama shilingi 27,000 kwa 38,000. Hiyo elfu kumi na moja mimi huilipa bila kusita, kwa sababu naona ninachopata: viti viwili kwa viwili badala ya vitatu kwa viwili, nafasi ya magoti, kiti kinacholala kidogo. Safari ni ya siku nzima na mgongo ni wangu. Muda hapo haununuliki, maana basi la bei kubwa na la bei ndogo yote yanabanwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na polisi ni walewale Same hadi Chalinze. Anayekuambia la kwake linawahi, muulize linawahi kwa kupaa?

Hasira yangu iko kwa mabasi yanayojiita ya daraja la juu bila kuwa nalo. Niliwahi kulipa nauli ya aina hiyo, sitalitaja basi, nikakuta choo kimefungwa kwa kufuli, sehemu ya kuchajia simu imekufa, na kiyoyozi kilizimwa tulipopita Mombo, penye joto lenyewe. Tulichopewa cha ziada ni soda moja na biskuti. Nikamuuliza kondakta kwa utaratibu tu, choo kipo kwenye tiketi au hakipo? Akasema kipo ila kinachafuka. Kulikuwa na mama mjamzito kiti cha nyuma yangu. Dereva alisimama njiani kwa ajili yake baada ya abiria kupaza sauti. Soda na biskuti huyo mama angeweza kujinunulia Korogwe. Alichokuwa amelipia hakukipata.

Unaona mpango ni uleule wa zile meli za kitalii. Chakula ni rahisi kukitoa na kukipiga picha, kwa hiyo ndicho kinachowekwa mbele ya tangazo. Kiti, choo na hewa ni gharama ya kweli, kwa hiyo vinaachwa bila maelezo.

Boti ya Zanzibar ni safari ya karibu saa mbili. Kwa kijana mwenye afya sioni sababu ya kulipia daraja la juu kwa muda huo, labda siku za joto kali na msongamano. Kwa mzee, au mtu aliyefanyiwa upasuaji, ndiyo, kwa ajili ya kiti na kupanda bila kusukumwa. Ila aulize kiti kiko ghorofa gani, kwa sababu ile ile niliyoieleza ya meli: juu kunarushwa zaidi. Nyakati za upepo wa kusi mtu anaweza kulipia kiti cha ngozi akamaliza safari nzima na mfuko wa kutapikia mkononi.

Treni nitaisemea kwa ufupi. Ile ya SGR, reli yetu mpya ya umeme, ya Dar hadi Dodoma ilipoanza Julai 2024 daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000, na lile la kawaida linatosha kabisa kwa safari fupi vile. Reli yetu ya zamani, iliyofufuliwa mpaka Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata, ni usiku kucha, na pale kulipia kitanda cha daraja la pili ni fedha halali.

Kwenye ndege, wanangu mlioko nje, kuna vitu vya bure mnavyovilipia wazazi wenu bila kujua. Kiti cha magurudumu kutoka mlangoni mpaka kwenye ndege hakilipiwi, kinaombwa tu wakati wa kukata tiketi. Chakula cha mwenye kisukari hakilipiwi kwenye mashirika makubwa, kinaombwa mapema, saa 24 kabla au zaidi. Na msimnunulie mama yenu kiti cha karibu na mlango wa dharura eti kina nafasi ya miguu: anayekaa pale lazima aweze kusaidia kuufungua mlango, kwa hiyo mzee mwenye magoti atahamishwa, pengine baada ya ninyi kulipa. Mnunulieni kiti cha ukingoni mwa njia, karibu na choo lakini si mkabala nacho. Kama fedha ipo nyingi na safari ni ya usiku kucha, daraja linalomwezesha kunyoosha miguu lina faida ya afya, maana miguu ya watu wa umri wetu inavimba. Hilo sitalipinga. Siku ile nilipofika Houston viatu havikunitoka kirahisi, na hakuna mlo mzuri wa angani ambao ungenisaidia.

Wanaouza safari hapa Arusha na Moshi si maadui zangu. Wengi ni wateja wangu, nimewapikia harusi zao. Nawaomba wafanye kile ambacho mimi hulazimika kukifanya kila ninapokaa na kamati ya harusi. Ninaandika: sahani ya bei hii ina nyama gramu kadhaa, kuku robo, wali, ndizi, mboga mbili, tunda, maji chupa moja. Sahani ya bei ya juu inaongeza hiki na hiki. Kamati inatia sahihi, mimi ninatia sahihi. Siku ya shughuli mwenyekiti akisema kuku hakuonekana, tunafungua karatasi. Sijawahi kuandika "mtafurahi wenyewe", kwa sababu kamati ya Kichaga ingenifukuza kabla chai haijaisha.

LATRA nayo, ambayo tayari inapanga madaraja ya mabasi, naiomba iende hatua moja zaidi. Daraja lisitajwe tu kwenye leseni. Abiria aelezwe kila daraja lina nini: viti vimepangwa vipi, kuna choo kinachofanya kazi au hakuna, kuna kiyoyozi, kuna chakula au maji, na kimojawapo kikikosekana anarudishiwa kiasi gani cha nauli na anakidai wapi. Orodha hiyo ibandikwe stendi ya Moshi na stendi ya Arusha, pale kwenye dirisha la tiketi, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu wa miwani anaweza kuzisoma akiwa bado kwenye foleni na fedha yake ikiwa bado mkononi.

Mama mpishi wa sherehe,
Rau, Moshi